Sinia la Tambuu na Maswali ya Baba

Babangu alikuwa na swali moja lililomchosha kila mtu mtaani kwetu Kuze: "Nani alikwambia?" Ukimjibu, "Bibi," yeye ataongeza, "Na bibi aliambiwa na nani?" Ndivyo masheikh zake walivyomfundisha kupima hadithi za Mtume, mtu kwa mtu mpaka mwanzo wake, naye akaona hapana sababu mambo ya mji yasipimwe vivyo hivyo. Darasa alilosomesha likisha, huyo, anazunguka barazani kuuliza kwa nini pande mbili za mji haziivani. Wako waliodhani ametumwa na serikali. Mamangu alikuwa akimwambia, "Bwana, waache watu wanywe kahawa yao."

Mimi nilimpenda hivyo hivyo na udadisi wake. Lakini wallahi, siku ya harusi yangu nilitamani angekuwa muuza samaki.

Nilikuwa naolewa upande wa pili, na nilimtaka mume yule; sioni haya kusema. Baada ya alasiri wanaume walijaa ukumbini kwetu kwa nikaha. Mimi nilikuwa juu, nimepambwa, sikio dirishani. Likaletwa sinia la tambuu za kutafuna. Ada ni kwamba lianze kwa wazee. Wazee wa nani? Hapo ndipo! Wetu wakasema ni wao, tangu mji uumbwe. Wa bwana harusi nao wakasema ni wao, tangu mji uumbwe. Sauti zikapanda, mzee mmoja wa kwao akaomba makubadhi yake avae aondoke. Kadhi hajafungua kinywa, na tambuu imeanza kukauka! Nililia mpaka wanja ukanishuka mashavuni.

"Nyamaza, utaharibu uso," akasema shangazi yangu aliyekuwa akinipamba.

"Uso wa kumpelekea nani?" nikamjibu.

Mara nikasikia sauti ya baba huko chini. "Mabwana, jambo hili mimi nimelichunguza." Nikasema moyoni, lahaula, tumekwisha.

Akawaeleza kwamba amewauliza wazee wa pande zote mbili, kila mmoja peke yake, nani alimwambia, na habari zote zinakatika mahali pamoja: siku za mtawala mmoja wa zamani, aliyekuwa akilipeleka sinia leo huku, kesho kule, ili watu wagombane wao kwa wao wamsahau yeye. Kabla ya hapo hakupata mtu hata mmoja aliyesikia habari ya nani aanze. "Ugomvi huu mwautunza sana," alisema, "lakini si wenu. Mlipewa."

Kisha pakalipuka.

"Kumbe babu zetu walikuwa wajinga?" akafoka mzee wa kwetu.

"Na wetu pia kawatukana!" akadakia yule wa makubadhi.

"Haswa! Mwalimu gani huyu?"

Tangu nizaliwe sikuwahi kusikia pande zile mbili zikikubaliana. Mwenye makubadhi akaketi tena, apate kumtukana baba vizuri. Katika joto lile mtu akachukua tambuu akamsogezea wa ubavuni, huyo naye akampa mwenziwe, na sinia likazunguka bila mtu kutazama limeanzia wapi. Kadhi, mjanja yule, akaanza hutuba yake mbio mbio. Nikaolewa.

Ila baba hawakumsamehe. Walimpa salamu ya juu juu, wakapita. Baraza yetu, iliyokuwa haina nafasi ya kukaa, ikabaki tupu. Roho iliniuma kila nilipokwenda kwetu.

Siku moja nilimpelekea vitumbua nikamkuta peke yake, na birika lake la kahawa.

"Baba," nikamuuliza, "lau ungalijua kwamba watakugeukia hivi, ungalisema?"

Akacheka mpaka ndevu zikatikisika. "Mwanangu, watu hawa nimewachunguza umri wangu wote. Nisijue?"

Akanisogezea kikombe cha pili, kile alichokuwa akikimimina kila siku kwa mgeni asiyekuja.