Kuti Lililopinda Juu ya Kitanda Changu

Nilichoma paa la nyumba ya watu kwa kiko cha bangi. Nalisema hilo mwanzo kabisa, kwa sababu miaka mingi nilizoea kusema "nyumba iliungua", kana kwamba moto ulitoka Kipawa kwa miguu yake kuja kututembelea Temeke.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita vikuu vya pili. Nilikuwa karani, nimesoma sekondari kwetu Unyamwezi, nina Kiingereza cha kuringia. Nilipanga chumba kwa mjane mmoja wa Kizaramo, mimi na mke wangu na binti yetu mchanga. Bangi nilianza kuvuta na wenzangu wa kazini, Jumamosi tu. Baadaye ikawa kila siku, kisha kazi ikaniponyoka nikabaki na kiko. Siku ya moto nilivuta nikiwa kitandani, nikasinzia. Kaa likaangukia mkeka, mkeka ukashika ukuta wa fito, na makuti hayahitaji kubembelezwa. Mke wangu alikuwa bombani, mtoto mgongoni. Kama angemwacha amelala ndani, leo nisingekuwa na moyo wa kuandika lolote.

Majirani waliuzima kwa mchanga na ndoo kabla haujafika vyumba vingine. Mke wangu hakupiga kelele. Alifunga nguo zake akaenda kwa baba yake, Kinondoni. Nilipomfuata, baba mkwe, seremala aliyetoka huko huko kwetu, alinisikiliza huku akipiga randa, kisha akasema, "Marafiki zako watakuja kuniambia umeacha. Ndugu zako pia. Mie nataka kusikia kwa mtu asiyekuonea haya. Ukimpata, niite. Kabla ya hapo mwanangu hatoki hapa."

Mtu huyo nilikuwa naye uani kwangu. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wapagazi wakipita Uzaramo na mizigo kichwani. Mtani anakusema usoni mbele za watu, anakunyang'anya kofia, na ukifa anakuja kufanya vituko msibani mpaka wafiwa wacheke. Kumkasirikia ni mwiko. Mjane yule hakuita polisi. Alisimama chumbani kwangu, akatazama mawingu mahali palipokuwa na paa, kisha akanitazama mimi.

"Mtani, nilikuwa nangoja zamu yangu ya kukuzika, kumbe umeanza kujichoma mwenyewe. Nyie wapagazi hamngoji hata kuoshwa?"

"Nisamehe, mama."

"Msamaha nikauezeke juu? Kaa chini. Utasuka makuti mpaka nisione wingu."

Tangu hapo jina langu likawa Marehemu. Asubuhi nikimwambia shikamoo, anaitikia kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu: "Marahaba, Marehemu! Huko kuzimu mmeamkaje? Kiko hujakiota?" Wapangaji wanacheka, nami nacheka, kisha nakaa kwenye kigoda na kuanza kazi. Unachukua ujiti, unakunja jani la mnazi juu yake, unalibana kwa utepe mwembamba, unashika jani jingine. Mikono ikiwa imejaa majani, hamu inakuja, inakosa pa kukaa, inaondoka. Inarudi tena, hiyo ni kweli. Siku za kwanza ilirudi kabla sijamaliza kuti moja.

Watu wengine walinionea huruma. Walishusha sauti nikipita, wakaficha viberiti kana kwamba sioni, na kila mara nilitamani kwenda kuvuta ili nisiione huruma yao. Mtani wangu hakuwa nayo, au aliificha vizuri. Alinitukana, akanipa muhogo wa nazi, akaniita nikamwandikie barua kwa ndugu zake wa Kisarawe, akahakikisha nimemwandikia kwamba ana mpangaji marehemu.

Baada ya miezi mitatu ya kusuka nilijiona nimepona. Hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko la moto, kwa maana la moto nilikuwa nimelewa, hili nililifanya na akili zangu timamu. Ijumaa moja nilivaa shati lililopigwa pasi, nikaenda kule minazini walikokuwa wakivutia wenzangu wa zamani. Nilikwenda kuwapa nasaha. Nilikuwa nimetayarisha na maneno kabisa.

"Karibu, mwalimu," mmoja wao akasema. "Hebu keti kwanza ndipo utufundishe."

Nikaketi. Sikumbuki kama nasaha zenyewe nilizitoa.

Alasiri nilirudi uani, nikashika makuti harakaharaka ili nionekane mtu wa kazi. Vidole havikunitii. Kuti nililolisuka lilipinda kama mkia wa mbuzi, na majani yake yakaacha mianya ya kupitisha dole gumba. Mwenye nyumba alikuja, akaliinua, akalitazama upande huu na upande huu. Nikangoja matusi.

"Bwana karani," alisema kwa upole, "chakula chako kipo jikoni."

Basi. Hakuniita mtani wala Marehemu. Jumamosi asubuhi nikamwambia shikamoo, akajibu, "Marahaba, bwana," akaendelea kufagia. Sijapata kuogopa hivyo, hata moto haukuniogopesha vile. Nilijiona nimekuwa mgeni katika nyumba ile, mtu wa kupewa heshima na kuachwa aende zake. Nilimfuata na ule ufagio wake kutoka mlangoni mpaka chooni.

"Mama, jana nilivuta."

Akaendelea kufagia.

"Nilivuta minazini, kwa ujinga wangu. Hakuna aliyenilazimisha."

Akasimama, akaegemea ufagio. "Nani kakuuliza? Kuti lilishaniambia." Kisha akapaza sauti kwa wapangaji: "Jamani, Marehemu kafufuka tena! Turudisheni sanda dukani!"

Nilicheka mpaka machozi, na si yote yalikuwa ya kicheko. Kuanzia siku hiyo sikupita tena njia ya minazini, hata kama kuzunguka kulikuwa mbali.

Paa lilipokamilika aliita fundi wa kuezeka. Lile kuti lililopinda akaamuru liwekwe juu ya kitanda changu. Fundi akamwambia litavuja. "Ndiyo kazi yake," akajibu.

Zilipokaribia mvua za vuli nilipeleka habari Kinondoni. Baba mkwe akaja kwa baiskeli, akakalishwa kibarazani, akapewa maji. Nilikuwa nimemwomba mtani wangu aseme yote isipokuwa ile Ijumaa. Alikuwa ameniitikia vizuri sana.

"Huyu mkweo ameacha bangi," akaanza, "isipokuwa Ijumaa moja alipokwenda kuwahubiria wavutaji, wakamsilimisha."

Nikainamisha uso. Akamshika baba mkwe mkono, akamwingiza chumbani. "Tazama juu, mpagazi. Hayo yote yaliyonyooka ni siku zake. Lile moja lililopinda ni hiyo Ijumaa."

Mzee alitazama paa kwa jicho la seremala, safu kwa safu. "Ungeniambia hakuna hata siku moja," alisema mwisho, "ningepanda baiskeli yangu nikaenda zangu." Akanigeukia. "Wiki ijayo uje umchukue mwenzio. Na mie nimeshazeeka, begi lake ubebe mwenyewe."

"Ndiyo kazi yao!" mtani wangu akapiga vigelegele.

Mke wangu alirudi. Jumapili ya kwanza ya mvua, mchana, matone yakaanza kudondoka kitandani. Akaleta sufuria, akamwita mwenye nyumba aje aone.

"Hilo halizibwi," mjane akasema mlangoni. "Hiyo ni Ijumaa ya mumeo."

Mke wangu alitazama kuti, akanitazama. Kisha akamhamishia mtoto upande wa ukutani, akalala karibu naye, akanionyesha palipobaki.

"Basi wewe utalala hapo."

Nililala hapo miaka yote tuliyokaa nyumba ile, hadi makuti yaliposhushwa ili kuwekwa mabati.