Treni Isiyosubiri Maji

Kisiwa chetu cha Mafia hakijawahi kuwa na reli, lakini juzi asubuhi niliona treni. Ilikuwa juu ya kaunta ya fundi redio pale Kilindoni: reli za spoku za baiskeli, mabehewa ya maboksi ya viberiti, mota ya kaseti mbovu, na umeme wa chaja ya simu.

Bibi mmoja aliyefuata simu yake aliitazama ikizunguka, kidole shavuni.

"Inaondoka na maji yapi?"

"Treni haisubiri maji kujaa, bibi. Ina ratiba." Fundi akamwonyesha kibao: Saa mbili kamili.

Hapo umeme ukakatika. Treni ikasimama katikati ya daraja la makopo ya maziwa. Fundi akaisukuma kwa kidole, ikagoma. Bibi akajitanda kanga yake.

"Imepwelewa hiyo, mwanangu, maji yameikimbia. Isubiri."

Nilicheka njia nzima hadi ufukweni, tiketi yangu ya boti ya saa mbili kamili mfukoni. Boti ilikuwepo, imelala ubavu kwenye mchanga, nahodha anakunywa kahawa.

Yule bibi alikuja baada ya adhuhuri, maji yamejaa na boti inaelea. Akaniuliza, kwa huruma kabisa, nimeanza kusubiri saa ngapi.