Kuanzia Kiunoni Kwenda Juu

Katika duka la baba yangu, Ngamiani, mie ni nusu mtu. Ukiingia, mkono wa kulia kuna kabati la vioo lenye iliki, mdalasini na pilipili manga, na kwenye kioo imebandikwa picha yangu iliyotoka gazetini. Nimevaa jezi, mikono nimeinyanyua, mdomo wazi, nashangilia goli. Chini ya kiuno hakuna kitu. Baba alichukua mkasi wake wa kukatia kamba za magunia akaikata picha ile pale jezi inapokutana na bukta, na kipande cha chini sijui alikipeleka wapi. Wapo wateja wanaomuuliza kama huyu kijana alipata ajali.

Baba hana ugomvi na mpira. Ugomvi wake ni mapaja. Kwake yeye staha ya mwanamume inaanzia kitovuni mpaka magotini, na mtu anayeianika mbele ya umati uliolipa kiingilio, huyo ana lake jambo. Nilipoanza kuchezea timu kubwa ya hapa Tanga nilimwomba aje kunitazama. Aliniangalia kwa huruma kabisa.

"Baba," akaniambia, "nivae kanzu yangu nzuri, nikakae na watu, halafu sote tumtazame mwanangu mapaja?"

Ananiita baba, wala sijakosea. Nimerithi jina la babu yangu mzaa baba, na kwetu mtu hamtaji mzazi wake kwa jina kavukavu. Basi mwanawe ananiita baba, na mama, kwa utani, ananiita mkwe. Jina langu lenyewe nimelisikia madrasa, shuleni na uwanjani. Nyumbani halijawahi kutajwa, na hata sikuona ajabu mpaka nilipokuwa mtu mzima.

Nilicheza winga ya kushoto. Nilikuwa mwepesi, nasema bila haya kwa kuwa sasa si mwepesi tena. Nilitoka Tanga nikaenda Dar es Salaam, nikacheza viwanja vilivyojaa mpaka huwezi kusikia filimbi ya mwamuzi. Watu nisiowajua walinishika mkono sokoni. Na katika macho yote yale nilikuwa nayatafuta mawili tu. Nikipiga simu nyumbani baada ya mechi, baba alikuwa na swali lake moja, hajiumizi kutafuta jingine.

"Hujaumia?"

"Sijaumia, baba."

"Alhamdulillahi. Zungumza na mama yako."

Siku nilipoumia sikupiga simu. Beki mmoja alinikalia gotini, nikasikia kitu ndani kinakatika, na nikajua palepale, kabla ya daktari, kabla ya machela. Nikarudishwa Ngamiani na magongo. Baba akafunga duka alasiri, jambo ambalo halifanyi hata mvua ikinyesha mpaka maji yakaingia ndani, akaja kunikanda goti kwa mafuta ya nazi yaliyochemshwa na karafuu. Lakini kwanza alinifunika kikoi. Goti, unaelewa, liko mpakani. Akakivuta kikoi mpaka katikati ya goti, akakanda nusu aliyoihalalishia mikono yake, na nusu nyingine akaikanda juu ya nguo. Mie naumwa, huku nacheka. Yeye hakucheka.

Goti halikurudi kama lilivyokuwa. Nilijaribu, nikadanganya watu, nikajidanganya na nafsi yangu, mwisho nikakubali. Nikasomea ukocha, nikapewa timu ndogo ya hapahapa mjini, inayocheza ligi ya mkoa na kufanya mazoezi kwenye kiwanja ambacho asubuhi mbuzi wanaanza kabla yetu.

Ukocha, jamani, ni adhabu. Ukiwa mchezaji ukikasirika unakimbia, hasira inaishia miguuni. Kocha anakasirika amesimama. Mie si mtu wa subira hata kidogo. Msimu wa kwanza nilipiga teke kila kilichokuwa karibu na benchi, ndoo, chupa za maji, siku moja nusura nimpige mtunza vifaa wetu, mtu mzima mwenzangu, mcheshi, asiyekuwa na kosa. Tukifungwa, nikipita na baiskeli asubuhi kwenda kununua vitumbua, wazee wa kahawa wananiuliza, "Kocha, lile goli la pili nalo ulilifundisha wewe?" Unajibu nini? Unacheka, unakanyaga pedeli.

Lakini ukocha ulikuwa na jambo moja zuri, nalo ni suruali. Nilikwenda kwa fundi cherehani nikashonewa suruali ya buluu nzito, pana, yenye marinda mbele. Nikaivaa, nikaenda dukani, nikasimama mbele ya kabati la viungo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, baba."

"Sasa nafanya kazi na suruali. Njoo unione."

Akaitazama suruali kutoka juu mpaka kwenye pindo, akaridhika. Nikamuuliza, maana nilitaka tumalize mambo yote siku hiyohiyo, "Na vijana wangu wanaovaa bukta, utawaangaliaje?"

"Wale wana baba zao," akasema. "Nitakuja, inshallah."

Akawa haji. Mara mzigo wa mchele umefika, mara swala ya alasiri imemchelewesha, mara jua. Nikiuliza, mama anasema, "Mkwe, inshallah ya mume wangu naijua mie. Hata kunioa alisema inshallah, nikangoja mpaka nikakata tamaa." Nilikuwa nacheka naye, lakini moyoni iliniuma. Mtu mzima, nakaribia arobaini, nina wanangu, na bado kabla ya kila mechi nageuka kutazama langoni kama mtoto anayengoja kuchukuliwa madrasa.

Ikafika mechi ya mwisho ya msimu. Tukifungwa tunashuka daraja. Tukitoka sare tumepona. Na vijana wangu watatu, Mungu awasamehe, walikuwa wamekwenda harusini Mkwaja tangu jana yake, wakaapa watarudi mapema. Harusi za Mkwaja nazijua. Simu zao hazipatikani. Nilikuwa natukana pale benchini kwa lugha ambayo siwezi kuirudia hapa, mtunza vifaa akanishika bega.

"Kocha, ziba mdomo. Mzee wako yule."

Nikageuka. Baba alikuwa ameketi karibu na ukuta, upande wa pili wa kiwanja, kwenye kiti cha mbao alichopewa na nyumba ya jirani. Kanzu nyeupe ya Ijumaa na siku yenyewe si Ijumaa, kofia, bakora baina ya magoti. Nikanyoosha marinda ya suruali. Nilifurahi mpaka nikaogopa.

Kipindi cha kwanza nilikuwa kocha bora kuliko makocha wote wa pwani hii. Sikupiga teke chochote. Nilionyesha kwa mkono, taratibu, kama nilivyoona wengine wakifanya kwenye televisheni, na kila baada ya muda namtupia jicho. Alikuwa ananitazama mimi. Mpira ukienda huku au kule, yeye ananitazama mimi tu.

Mambo yakaharibika kipindi cha pili. Tulikuwa tumefungana moja kwa moja, nimeshawaingiza wachezaji wa akiba wote niliokuwa nao, beki wangu wa kushoto akaanguka ameshika paja, hawezi kusimama. Benchi tupu. Sasa mwanzoni mwa msimu, tulipopeleka majina, tulikuwa pungufu, nikajiandikisha na mimi mchezaji, kujaza nafasi tu. Mtunza vifaa akanijia na kitu mkononi.

"Bukta hii hapa, kocha."

"Nenda zako."

"Kocha."

"Nimesema nenda zako!"

Tukacheza kumi. Wakatushambulia wale mpaka mpira ukagonga mwamba, uwanja mzima ukapiga yowe. Vijana wangu wakaanza kunitazama. Wamechoka, midomo mikavu. Nikamtazama baba. Nilikasirika, wallahi, sijapata kukasirika vile. Nilimkasirikia bwana harusi wa Mkwaja, nikamkasirikia beki na paja lake, nikamkasirikia na baba mwenyewe, kwa nini leo, miaka yote ile, kwa nini achague leo.

Mtunza vifaa akanikingia taulo. Nikavua suruali. Nikaivuta bukta chini kadiri ilivyokubali kushuka, na soksi nikazivuta juu, labda zikutane katikati. Hazikukutana. Nikaingia.

Nilipovuka mstari sikuweza kujizuia, nikatazama ukutani. Baba alikuwa amesimama, ameshika kiti. Nikajisemea, basi, anaondoka, na hatarudi tena. Lakini hakuondoka. Alikigeuza kile kiti kikaelekea ukutani, akaketi, akatugeuzia mgongo. Watu waliokaa karibu naye wakamshangaa. Yeye uso kwenye ukuta, bakora baina ya magoti.

Sikumbuki vizuri zile dakika. Nakumbuka goti linawaka, na winga wao kijana ananipita kama sipo, nami namvuta jezi nikiomba mwamuzi awe anapangusa jasho. Nakumbuka ile kona yao ya mwisho. Kipa wetu alitoka, akaukosa, mpira ukaja peke yake golini, na kwenye mstari kulikuwa na mimi. Miguu haikuwahi. Ulinigonga kwenye goti lilelile bovu, ukatoka nje, nikaanguka, na mwamuzi akapuliza filimbi akamaliza mpira.

Wakaanza kuniita. Sijui nani alianza. Uwanja wote, wauza kashata, wazee wa kahawa walionicheka msimu mzima, watoto juu ya ukuta, wote wanaliita jina langu, tena na tena, mpaka wengine sauti zikawakauka. Nikalala pale chini nikisikiliza.

Nikavaa suruali juu ya bukta, nikavuka kiwanja nachechemea. Alikuwa bado ameelekea ukutani.

"Umeshavaa?" akauliza.

"Nimevaa, baba."

Akageuka. Macho yalikuwa mekundu, ndevu zimelowa. Nikaanza kuomba radhi, nikaeleza harusi ya Mkwaja, benchi, majina, akaninyamazisha kwa mkono.

"Umewasikia?" akasema. "Umesikia walivyokuwa wanamwita mzee wangu?"

Akapangusa ndevu kwa mkono wa kanzu.

"Tangu tumzike, jina lake nalisikia kwenye hitima tu. Watu wanalitaja polepole, wameinamisha vichwa. Leo wamelitaja watu wote hawa, wanacheka, wanarukaruka. Mie nimekaa pale nimefumba macho, namuona."

Akanyanyuka, akaniegemea. Au mimi ndiye niliyemwegemea, maana goti lilikuwa limekwisha. Tulikuwa tumefika langoni, watu wanatupisha, aliposimama akanitazama, akaniita kwa jina langu. Alilitamka vizuri, lote, kama anavyolitamka mtu aliyelitunza muda mrefu.

"Labeka, baba," nikasema.

"Twende nyumbani. Mama yako amepika. Na njiani unisimulie, maana mie nimeona ukuta."

Nikamsimulia mpaka mlangoni.