Kidole Ndani ya Moyo wa Dada

Walisema sitafika hata Mombasa. Nilifika Uingereza, nikasomea kazi ya chumba cha upasuaji, nikarudi kwetu Wusi na diploma yenye muhuri mwekundu. Naitaja kwa sababu wapo ambao bado hawajaiona.

Nilimkuta dada yangu hawezi kupanda kutoka mtoni na debe la maji bila kuketi mara tatu. Homa ya viungo ya utotoni ilikuwa imekaza mlango mmoja wa moyo wake. Kule ng'ambo nilikuwa nimempa vyombo daktari aliyepitisha kidole ndani ya moyo unaopiga, akaupanua mlango kama huo. Miaka michache nyuma hakuna aliyethubutu. Sasa Nairobi alikuwapo daktari aliyeiweza kazi hiyo, naye alikubali kumpokea.

Niliwaeleza jamaa haya yote kwa ufasaha mkubwa. Likawa kosa. Kwetu, ndugu akikuwekea hasira, unaugua wewe, mpaka atase: apulize pombe ya miwa kwa kinywa na kukutakia heri.

Shangazi akauliza, "Hicho kidole kitajua ni hasira ya nani?"

Kabla sijajibu, alikwisha kukiri kinyongo cha jembe lake lililovunjwa, asije akatajwa na kidole huko Nairobi.

Dada akasema, "Sipandi treni mpaka wote watase."

Mjomba, mkubwa wetu, akaweka kibuyu chini. "Mimi sitasi uongo. Huyu aliondoka kwa nauli ya mbuzi wa watu, amerudi na kofia. Wenye mbuzi wamekasirika, na mimi ni mmoja wao."

"Mjomba, nina diploma."

"Inakamuliwa?"

Dada alicheka mpaka akakosa pumzi, akashika mwimo wa mlango, midomo ikageuka rangi. Hapo niliacha kubishana.

Operesheni ilifaulu, na hadi leo mjomba anadai nusu ya sifa. Simnyimi, maana nilimlipa kwanza. Niliuza baiskeli na gramafoni yangu Voi, nikanunua mbuzi saba, nikawapeleka mlango kwa mlango mchana kweupe, nimevaa tai. Mjomba alimpapasa mbuzi wake mbavu, akalalamika kwamba yule wa zamani alikuwa mnene zaidi. Kisha akajaza kinywa, akapuliza, na wenzake sita wakafuata. Dada, uso umelowa pombe, akauliza treni ya Nairobi inapita Voi saa ngapi.