Mdundo wa Machela

Kuna watu wanaopenda mpira kwa kuutazama, na kuna Radi, ambaye kwa miaka ishirini na miwili aliupenda kwa kuupa mgongo. Usicheke. Mpiga ngoma mkuu wa mashabiki wa Zambarau husimama chini kabisa ya jukwaa, uso kwa watu, kisogo kwa uwanja, maana asipowaona hawezi kuwaongoza. Mabao yote ya klabu yake aliyaona kwenye nyuso za watu.

Siku za kazi alikuwa fundi makochi, misumari mdomoni, nyundo mkononi, nywele zimejaa vumbi la sponji. Wateja walishajua kwamba kochi likipelekwa kwake wiki ya mechi ya watani litarudi wiki inayofuata, tena kwa bahati. Ngoma aliiwamba mwenyewe na kuizungushia kitambaa cha zambarau kilichobaki kwenye kochi la mteja.

Na ndiye aliyebuni mdundo wa machela. Mchezaji wa timu pinzani akiumia, machela ikiingia, mashabiki humpigia kelele Radi, naye hupiga polepole, du, du, du-du, kama watu wanaosindikiza jeneza, mpaka majeruhi atolewe nje. Ulianza kama utani kwa nahodha mmoja wa Chungwa, watani wao wa jadi, aliyependa kujiangusha. Watu walicheka hadi machozi. Basi ukawa desturi, wala hakuna aliyeuliza tena kama mtu kaumia kweli. Mkuki kwa nguruwe.

Mwanawe wa pekee alikulia pembeni mwa ngoma ile. Alipofika miaka kumi na tisa alikwenda kufanya majaribio Zambarau, wakamwambia ni mfupi. Mcheza kwao hutunzwa, wanasema. Huyu kwao walimpima kwa futi. Mwaka uliofuata Chungwa wakamsajili, beki wa kushoto, na nyumba ikawa kama ina matanga.

"Hapa nyumbani wewe ni mwanangu," Radi alimwambia mezani. "Kule uwanjani sikujui."

"Baba, hii ni kazi tu."

"Nimeshasema."

Mkewe alitua bakuli kwa kishindo. "Na wewe, mume wangu, mtoto unaye mmoja tu. Kumbuka hilo."

Siku ya mechi ya watani kijana aliondoka asubuhi, begi begani. Akasimama mlangoni. "Utakuja, baba?"

"Nitakuwa jukwaani kwangu."

"Haya. Nitakusikia basi."

Kipindi cha pili kikiwa katikati, Radi aliona nyuso zote zikigeukia upande mmoja. Wengine walishika vichwa. Kisha vijana wa juu wakaanza: "Machela! Machela!" Mikono yake haikungoja. Du, du, du-du. Jukwaa likaitikia, isipokuwa safu ya mbele, walikokaa wale waliomfahamu tangu ujana. Muuza magazeti, rafiki yake wa kufa na kuzikana, alikuwa akimtikisia kichwa, machozi yanamlengalenga. Radi akadhani mwenzake kachoka, akazidisha nguvu ili kumwamsha. Muuza magazeti akaruka kizuizi, akazidaka fimbo zote mbili.

"Geuka, ndugu yangu. Geuka uangalie."

Aligeuka. Machela ilikuwa inapita hatua kumi mbele yake. Mguu wa kushoto ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu wa mtu haupindi, na mwanawe alikuwa amelala chali, macho wazi, akitazama juu. Nyuma ya Radi vijana waliendelea kuimba bila ngoma.

Hospitalini mkewe alimzuia mlangoni mwa wodi. Hakumfokea. "Vua hiyo jezi kwanza," alisema. Radi akavua, akaingia na fulana ya ndani, mzee mzima, akakaa pembeni mwa kitanda bila kujua aweke wapi mikono.

"Sikuona kama ni wewe," alisema hatimaye.

"Najua, baba. Wewe huwa huangalii mpira."

Kijana hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira Radi angejitetea, maana kujitetea alikujua. Maneno yale aliyasema taratibu, kama mtu anayemwonea huruma mwenzake, na Radi akalia mbele ya wagonjwa wote. Daktari alisema mguu utapona, atatembea. Habari za mpira hakuzigusa.

Wiki ya tatu viongozi wa mashabiki walifika nyumbani. "Radi, Jumamosi tuna mechi. Watu wanaiulizia ngoma."

"Ngoma haipo."

Lakini walikuwa wanaiona. Alikuwa ameibandua ngozi, akaijaza sponji, akaivika kitambaa kipya, misumari imepangwa vizuri kuzunguka ukingo, na juu yake ulikuwa umepumzika mguu wa kijana, wenye plasta. Mmoja wao akaguna kwamba shabiki wa kweli hahami timu.

"Sijahama," Radi alisema, na huo ulikuwa ukweli uliomuuma. Angeweza kuichukia Zambarau angepumzika. Bado aliipenda.

Jumamosi ilipofika aliwasha redio, akainama kurekebisha mto chini ya kisigino cha mwanawe. Mtangazaji alikuwa anahema kwa kasi, mara sauti yake ikafunikwa. Du, du, du-du. Walikuwa wamepata ngoma nyingine na mpigaji mwingine, na mdundo ulikuwa uleule, wala haukuhitaji tena mikono ya aliyeuzaa.

Radi alirukia kitufe cha redio.

"Usizime, baba," kijana akasema. "Tusikie kwanza ni nani ameumia."

Mkono wa Radi ukabaki pale kwenye kitufe. Kisha akarudi, akakaa sakafuni karibu na mguu wa mwanawe, na kwa mara ya kwanza tangu aubuni mdundo ule akangoja jina litajwe.