Vifaranga na Moshi wa Vibuyu

Jirani yangu hapa Garissa, mama wa Kisomali ambaye mtaa mzima humwita Eedo, yaani shangazi, alipoteza mbuzi wake wote katika ukame. Vifaranga aliowanunua baadaye ndio waliokuwa mifugo yake ya kwanza tangu hapo. Kaka yake hakuficha dharau.

"Kuku ni ndege tu," alimwambia mbele yangu. "Ukihama utawafunga kamba?"

"Wewe ngoja. Ukija kuomba yai, nitakuambia limehama."

Wiki haikuisha vifaranga wakaanza kukoroma. Walinyoosha shingo na kupumua kwa midomo wazi, na kila pumzi ilikwaruza. Mmoja akafa. Eedo akaniita. Kazi yangu ni kutengeneza pampu za maji, lakini alijua nimejisomea mambo ya kuku.

Nilianza na vinavyoonekana. Maranda waliyolalia yalikuwa makavu na hayakunuka. Pua hazikuwa na kamasi, wala macho hayakuvimba. Nikamwomba aendelee na kazi zake kama kawaida, nikakaa kwenye kigoda nikitazama.

Alasiri akawasha chetezo cha udongo. Kwanza alifukiza kibuyu cha maziwa, kama alivyofundishwa na mama yake, ili maziwa yasiharibike upesi. Kisha akaweka chetezo kando ya boksi la vifaranga na kuvifunika vyote kwa shuka.

"Eedo, hao pia?"

"Nasafisha kifua yao. Wakikohoa sana, naongeza."

Sikucheka. Moshi ule ulikuwa umelinda maziwa ya nyumba yao maisha yake yote; kwa nini asiuamini?

"Kibuyu hakipumui," nikasema. "Hawa wanapumua."

Akafunua shuka. Moshi ukamvaa usoni, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, kisha akaangua kicheko. "Wallahi, fundi, karibu nife mimi!"

Tulihamishia boksi barazani, mahali pasipofikiwa na moshi wala vumbi, na usiku tukawapasha joto kwa chupa za maji moto zilizofungwa vitambaa. Nilimwambia kwamba wasipopata nafuu tumwite daktari wa mifugo, maana huenda kuna ugonjwa pia. Hatukumhitaji. Mkwaruzo ulipungua siku hadi siku. Mdogo kuliko wote alichelewa, kisha naye akaanza kugombania chakula.

Kaka mtu alipokuja tena, huyo mdogo alipanda juu ya kiatu chake. Akainua mguu amtupe.

"Bole bole," Eedo akamwambia, yaani pole pole kwa lafudhi yake ya Kisomali. "Hiyo ni mifugo ya watu."

Akaushusha mguu taratibu.