Ukurasa Uliomkumbuka Selpher

Truphena Adongo alizaliwa katika nyumba za reli, binti wa fundi wa mabehewa, na tangu shuleni alijulikana kwamba akishika jambo haliachi. Alisomea kompyuta, akahangaika na vibarua vya hapa na pale, mwisho akaajiriwa na shirika dogo katika mtaa wa Fedha lililowasaidia wanawake waliopigwa na waume zao. Kazi yake ilikuwa tovuti. Mwanamke angejiandikisha, aingie kwa neno la siri, aeleze yaliyompata, na mshauri amjibu papo hapo. Akihamishiwa mahali salama, mahali hapo paliandikwa kwenye ukurasa wake ili mshauri ajue pa kumfuata.

Tovuti aliiandika kwa PHP, lugha ya kompyuta, juu ya mfumo ambao waandishi wengi wa programu huutegemea, na kazi ya kumtambua mtumiaji aliiachia maktaba ya programu iliyokuja tayari, kazi ya wajuzi waliomzidi. Ilihifadhi maneno ya siri kwa namna ambayo hata yeye hangeweza kuyasoma. Ilimfungia nje aliyekosea mara nyingi. Pia ilikuwa na kisanduku kidogo cha kutia alama, kilichoandikwa “Nikumbuke”. Ukikitia alama, simu hiyo haikuulizi tena neno la siri kwa majuma kadhaa.

Truphena alikiondoa. Simu za wanawake hawa, alisema, si zao peke yao.

Lakini wanawake walisahau maneno yao ya siri, na Mama Nabalayo, mkurugenzi, akamwita ofisini. Hakuwa mtu wa kufoka. Alimsimulia kuhusu mama aliyejaribu kuingia akashindwa, akakata tamaa, na walipompata mkono ulikuwa umevunjika. Akataka kisanduku kirudishwe, tena kiwe kimeshatiwa alama. Truphena alibisha, kisha akaukumbuka ule mkono. Akabadilisha mstari mmoja kwenye mipangilio, akaenda kunywa chai.

Selpher alikuwa mfungashaji biskuti kiwandani, Industrial Area. Siku aliyojiandikisha simu yake ilikuwa imeisha chaji, akachukua ya mumewe, Luseno, aliyekuwa anaoga. Aliandika upesi upesi, akaufunga ukurasa, akairudisha simu mezani. Baadaye shirika lilimpatia chumba Njiru, ndani kidogo kutoka barabara ya Kangundo. Huko akaanza kupata usingizi. Alimwandikia mshauri kwamba amenunua pazia la kijani.

Luseno alimsaka kwa ndugu na marafiki, hata akapiga simu kwao mkewe, magharibi mwa nchi. Alipokosa, akapekua simu yake mwenyewe, akakuta anwani ya tovuti asiyoijua, akaibonyeza. Haikumuuliza kitu. Ilimkaribisha kwa jina la mkewe, na chini ya jina kulikuwa na mtaa, jengo na nambari ya chumba.

Alimkuta Jumapili akianika nguo.

Truphena alichunguza kumbukumbu za tovuti akitamani kukuta mtu aliyeingia kwa hila. Hakumkuta. Simu ilitambuliwa, ikaruhusiwa, basi. Akaenda hospitalini, akaketi kando ya kitanda cha Selpher, ambaye jicho la kushoto lilikuwa limefungwa bandeji na daktari alikuwa ameshasema halitaona tena. Akamweleza yote, pamoja na ule mstari mmoja.

“Kile kisanduku nimekiondoa,” Truphena alisema. “Na simu zote zilizokumbukwa nimezitoa kwenye tovuti. Tutakutafutia mahali pengine, dada.”

“Usijisumbue,” Selpher akasema. “Atanipata tu. Afadhali nikae naye, nijue yuko wapi.”

Polisi walikuwa wamemshika Luseno, lakini Selpher alikataa kutoa ushahidi, wakamwachilia. Selpher alipotoka hospitalini ni Luseno aliyekuja kumchukua, amevaa shati lililopigwa pasi, akamshukuru muuguzi kwa adabu.

Tangu hapo kila anayeingia huulizwa neno la siri, kila mara. Wanaoandika wamepungua. Mama Nabalayo hajamlaumu Truphena, ila kila juma huuliza ni wangapi walioingia. Truphena alijaribu njia nyingine, akatuma namba ya siri kwa ujumbe mfupi, kisha akakumbuka ujumbe huo unafika kwenye simu ile ile, akaufuta mpango huo.

Asubuhi hufungua kumbukumbu kabla ya kuvua koti. Juzi aliona jina la mama mmoja wa Kayole: neno la siri si sahihi, si sahihi, si sahihi, amefungiwa. Hapakuwa na namna ya kujua kama ni mama mwenyewe aliyesahau, au ni mtu mwingine anayebahatisha. Akachukua simu ampigie. Namba ilipoanza kuita akawaza ni nani atakayepokea, akakata.